Vitambaa vya Asubuhi na vya Jioni

Jumanne, Januari 30, 1973

Nimeomba daftari langu la maandalio ya masomo, wifi yangu Selina akaniletea daftari na bakuli la uji. Kurasa za nyuma ni tupu. Likizo ya uzazi ni ndefu kwa mtu aliyezoea kusema kutwa nzima mbele ya watoto wa darasa la tatu, kwa hiyo nitasema na karatasi.

Mtoto alizaliwa juzi Jumapili, watu wakitoka kanisani. Ni wa kiume, ana nywele nyingi na uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Mama mkwe ndiye aliyempokea. Baba wa mtoto, Manase, yuko Itigi kwenye kazi ya reli, na barabara imekatika kwa mvua, basi bado hajui kuwa ana mwana. Mzee Alute, baba mkwe wangu, aliambiwa akiwa amesimama zizini. Akasema, "Vema," akaendelea kuwatazama ng'ombe wake. Mimi ni mtu wa Kinampanda. Kwetu mzee angalau angekohoa kidogo kwa furaha.

Nyumba hii ya Unyambwa ni tembe refu, limezunguka zizi pande tatu. Upande wa nne ni uzio wa minyaa wenye lango moja, na watu na ng'ombe wote hupita hapo. Jana mama mkwe alinieleza miiko ya nyumba. Mwanamke anayetokwa na damu ya uzazi hapiti lango la ng'ombe, wala hanywi maziwa yao. Akipita, ng'ombe watakauka, au watatupa mimba, au watapatwa na balaa jingine. Mpaka damu iishe nitabaki humu ndani na kwenye kiua cha nyuma.

Vitambaa navyo vina utaratibu. Amepasua kaniki kuukuu na khanga yangu moja, akavikunja vinene vya kunikinga. Anayefua vitambaa vya damu hagusi chuchu ya ng'ombe katika ukamuaji ule. Basi asubuhi wifi yangu Selina anakamua na mama anafua vitambaa, jioni mama anakamua na Selina anafua. Mama anaanika vyake uchagani juu ya moto wake, Selina anaanika vyake chumbani mwake, maana kitambaa cha mzazi hakionwi na jua wala na mtu. Nikamwambia Selina kwamba hata halmashauri ya kijiji haijawahi kupanga zamu vizuri namna hii. Akacheka kwa pua.

Alhamisi, Februari 1

Mvua. Mtoto akinyonya tumbo linakaza na damu inashuka. Mama anasema ndivyo inavyotakiwa.

Jumapili, Februari 4

Asubuhi nakandwa. Mama huchemsha maji na majani asiyonitajia jina, huchovya kitambaa, hukamua, halafu hunikanda kiuno na mgongo mpaka nasikia usingizi nikiwa nimekaa. Kisha huniweka kwenye karai la maji vuguvugu yenye chumvi, kwa ajili ya mahali palipochanika. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Sasa naisubiri saa hiyo tangu jogoo la kwanza. Blanketi limeviringwa na kuwekwa chini yangu ili niweze kukaa bila kuegemea mahali panapouma, na tumbo limefungwa kwa mkanda wa khanga. Mtu akiniona atadhani ni mzigo unaosubiri basi.

Chakula ni uji wa uwele wenye samli. Niliuliza kama samli si maziwa.

"Hiyo ni ya mwaka jana," akasema mama. "Ng'ombe hawaikumbuki."

Damu imeanza kuwa ya rangi ya udongo. Nyimbo za kanisani zinafika hapa zikiwa zimekatwa na mvua, nusu ubeti, nusu kiitikio. Nilikuwa namwogopa sana mama mkwe kabla ya kujifungua. Leo nimemwogopa kidogo.

Jumanne, Februari 6

Selina amesikia kwa balozi wa nyumba kumi kwamba baada ya mavuno huenda tukahamishiwa kando ya barabara, nyumba zikae kwa mistari. Mzee Alute amesema ng'ombe wake hawajasomea mistari.

Ijumaa, Februari 9

Jana nilijiona nina nguvu, nikafagia chumba na kutwanga karanga kidogo. Jioni damu ikarudi nyekundu, na nyingi. Nilimwambia mama leo asubuhi wakati wa kukandwa.

"Itoke," akasema. "Uchafu ukibaki tumboni unaoza. Usifagie tena."

Amezaa watoto wanane na amewapokea wa nusu ya Unyambwa. Mimi nimezaa mmoja na kusoma ualimu. Nikamtii, nikalala.

Jumapili, Februari 11

Sijawahi kupumzika namna hii maishani mwangu. Mwili umekuwa mwepesi, nikifumba macho naona kama kitanda kimeinuka kidogo kutoka chini na hakina haraka ya kurudi. Ukuta wa kichwani ndio wa zizi. Nawasikia ng'ombe wakicheua usiku na mchana, sauti ya unyevu, ya polepole, na sasa siwezi kulala bila hiyo. Mvua inapiga udongo wa juu ya tembe bila kelele, inanywewa tu.

Nimeota nafundisha. Darasa lilikuwa limejaa maji mpaka madirishani na watoto wote walikuwa wamekaa kwa adabu ndani ya maji, wananyoosha mikono kujibu. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Halafu nikamwona mama yangu mzazi anakuja kutoka Kinampanda, anatembea juu ya majani ya uwele bila kulowa miguu. Nilipoamka mtoto alikuwa amelala na ziwa mdomoni, na sikukumbuka nilimnyonyesha saa ngapi.

Jumanne, Februari 13

Jana sikuandika. Nililala, nikaamka, nikalala. Selina anasema nimekuwa mweupe kama Wahindi wa Utemini wanaokaa dukani. Mama naye amefurahi. "Sasa umetulia," aliniambia. "Ulikuja hapa na maneno mengi."

Alhamisi, Februari 15

Niliposimama kwenda uani, ukuta ulisogea. Nikaketi, ukarudi mahali pake. Kisha likatoka bonge la damu, kubwa kuliko limau, nikalifunika kwa majivu.

Selina alipokuja kuchukua vitambaa vya jioni nilimwuliza kama hii ni kawaida. Alikaa kitandani miguuni kwangu. Ni msichana wa miaka kumi na saba, hajaolewa, na mimi ndiye mzazi wa kwanza anayemhudumia.

"Mimi nitajuaje, wifi?" akasema. "Mama haniambii mambo haya. Na mimi siwezi kumwuliza, si unajua. Mama na binti yake wakizungumza damu, ni aibu. Lakini mama hajasema neno, na yeye anafua kama mimi. Kingekuwa kitu angesema."

Ilikuwa hoja nzuri. Ningekuwa darasani ningempa vema. Alivikunja vitambaa ndani ya kaniki, akatoka navyo ameinamisha macho.

Jumamosi, Februari 17

Selina amekwenda kupalilia shamba la kijiji, atalala huko kwa shangazi yake. Mvua imepumzika. Kuna mwanga wa manjano mlangoni, na ndani yake vumbi linashuka taratibu sana, chembe moja moja. Nimelitazama tangu adhuhuri. Masikio yanavuma, ni sauti tamu, kama nyuki walio mbali. Mtoto analia nadhani, au ni ndama. Nitaandika baadaye.

Jumatano, Februari 21. Zahanati

Ni mimi, bado. Mwandiko huu ni wa darasa la kwanza, lakini nataka kuandika yote kabla hayajageuka ndoto kama yale mengine.

Jumamosi ile, kwa kuwa Selina hakuwepo, mama alimwomba jirani akamue, ili yeye ashughulike na vitambaa vya siku nzima. Vya asubuhi alikuwa hajavifua bado. Jioni aliingia kuchukua vilivyobaki. Akavibeba hadi mlangoni kwenye mwanga, akaviweka chini pamoja na vile vya asubuhi. Nilimwona mgongo tu. Aliviinamia muda mrefu mpaka nikadhani anasali.

"Raheli," akasema, "hivi vya chini ni vya lini?"

"Vya leo, mama."

"Vya leo na jana."

"Vya leo. Vya jana jioni alichukua Selina."

"Na Selina huchukua vingi hivi kila jioni?"

"Kama vyako," nikasema. "Wakati mwingine zaidi."

Aliketi chini pale pale mlangoni, kwenye matope. Mwanamke huyu haketi chini ovyo.

"Mimi nilikuwa naona nusu," akasema. "Nikasema moyoni, si mbaya, inapungua. Naye mtoto yule alikuwa anaona nusu nyingine."

Kila mmoja alikuwa anafua mzigo wake na kujipa moyo, kila mmoja akingoja mwenzake aseme. Mimi niliyekuwa katikati nilikuwa nimeona vyote, na sikuona kitu. Nilijua kuhesabu, nafundisha hesabu. Lakini nilikuwa natoa kitambaa kwa huyu, kitambaa kwa yule, na katikati nalala. Naandika jambo hili bila kuona haya kwa sababu limenitisha kuliko aibu: zile siku nzuri, za kitanda kuinuka, za vumbi la manjano, zilikuwa ni damu inayonitoka. Nilidhani ni raha. Kumbe nilikuwa nakufa kwa starehe.

Nakumbuka nilimtabasamia. Akaja akanipiga mashavu, kushoto na kulia, si kwa upole. Akaniwekea mtoto kwenye ziwa, akafungua ule mkanda wa khanga, akatia mkono juu ya tumbo langu na kulisugua kwa nguvu mpaka nikaona nyota. "Usilale," akawa anasema. "Mwalimu, usilale. Nitajie majina ya watoto wa darasa lako." Nikamtajia. Nilianza na Antipasi, na nilipofika kwa Esta nikasahau anayefuata, naye akatoka nje anakimbia.

Ukuta wa kichwani ni wa zizi, nimeshasema. Nikasikia kila neno.

"Mke wa Manase anakwisha," mama akamwambia Mzee Alute. "Anapelekwa zahanati sasa hivi."

"Damu imekwisha?"

"Ingekuwa imekwisha ningesema zahanati?"

Ng'ombe mmoja akapiga mkia.

"Basi tutoboe ukuta wa nyuma," mzee akasema. "Atolewe huko. Asipite langoni."

Na kweli akaanza. Nilisikia jembe likigonga ukuta miguuni kwangu, pu, pu, na katika hali yangu ile nilifikiri ni mgeni mwenye adabu anabisha hodi. Nikajibu karibu. Jembe likagonga udongo, kisha likagonga mti, kisha mti mwingine. Tembe hujengwa na watu wasiotaka lianguke. Mzee alikuwa anapumua kwa shida, mtu mzima yule, anachimba nyumba yake mwenyewe jioni na mvua imeanza tena. Sikumchukia. Hata sasa simchukii. Alikuwa anatafuta namna ya kutuokoa sote wawili, mimi na ng'ombe.

Ndipo nikasikia sauti ya mama, ya chini.

"Mzee. Ukuta huu uliujenga wewe, unajua una miti mingapi ndani. Utatoa maiti hapa."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wa nini?"

"Unaniuliza ng'ombe wa nini?"

"Nakuuliza. Ng'ombe si tunafuga tupate wake wa vijana wetu? Mke tunaye humu ndani. Unataka ufe mke, wabaki ng'ombe, uende Kinampanda tena ukaanze kuposa?"

Jembe likanyamaza. Nilingoja lianze tena, halikuanza. Baada ya hapo nikasikia kwato, ng'ombe wanasukumwa kwenye pembe ya zizi, na shemeji yangu Philipo anaita vijana wa jirani. Waligeuza kitanda changu kikawa machela. Mama alinifunga mtoto kifuani kwa khanga, akasema akiendelea kunyonya ananisaidia kuliko sisi sote.

Langoni nilifumbua macho. Mzee Alute alikuwa ameshika ile miti ya lango kwa mikono miwili, ameiondoa mwenyewe, ametupa kisogo, maana mkwe na mkamwana hawatazamani. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye kofia yake. Aliwaambia vijana, "Taratibu hapo, pana utelezi." Nikapita. Naamini nilidondosha damu pale, na naamini yeye aliiona.

Kwenye zahanati, nesi Marietha alinipokea akiwa na mwiko wa ugali bado mkononi. Sitaandika yote. Kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani, kidogo tu, anasema kama jani la mchicha, na kwa ajili yake mji wa mimba ulikataa kufunga. Alikitoa kwa mkono. Niliita majina ya watu wote wa Kinampanda, walio hai na waliokufa. Kisha sindano ya paja, kisha chupa ya maji iliyoning'inizwa kwenye msumari.

Alipomaliza akamgeukia mama. "Bibi, hakuna aliyekuwa anaangalia damu?"

"Tulikuwa wawili tunaangalia," mama akajibu. Alikuwa bado na matope ya mlangoni kwenye khanga, na tangu siku ile hajapata usingizi, amekaa kwenye kigoda pembeni mwangu. Kila nikifumba macho ananigusa mguu kuona kama una joto.

Jumatatu, Februari 26

Nimesimama. Nimekaa. Nimesimama tena. Nesi Marietha amenipigia makofi kama mtoto wa chekechea.

Leo aliongea na mama kwa muda mrefu, na mimi nilijifanya nimelala. Akamwambia damu ya uzazi inapaswa kwenda ikibadilika rangi na kupungua. Ikirudi nyekundu mtu apumzike, na isipotulia, au kitambaa kinene kikilowa chote kabla ya saa moja kupita, au yakitoka mabonge, au ikinuka vibaya, au mzazi akianza kuona kizunguzungu, hakuna cha kungoja, ni zahanati. Maji ya chumvi ni mazuri, kukandwa mgongo ni kuzuri, lakini mkanda usikazwe tumboni namna ile. Niende haja ndogo mara kwa mara hata kama sisikii, kibofu kikijaa kinauzuia mji wa mimba kukaza. Na vitambaa vifuliwe kwa sabuni, vianikwe juani.

"Juani?" mama akauliza. "Vionwe?"

"Jua limeona mengi, bibi."

Mama akauliza kuhusu chakula. Nesi akasema mboga za majani, mayai, maziwa, na kama wanaweza kupata, ini. Ini hasa. Akanipa na vidonge vya kuongeza damu vinavyotia choo rangi nyeusi. Nilimwona mama akiangalia sakafu. Katika nyumba ile ini ni la wazee wa ukoo, likitoka kwenye moto hupita mikononi mwao na kuishia hapo. Hata yeye, mke wa mzee, hajawahi kulionja.

Jumapili, Machi 4

Tumerudi nyumbani. Damu imebaki kidogo sana, ya rangi ya chai. Nilipofika langoni nilisimama. Mama akasema, "Umeshapita, pita," nikapita kwa miguu yangu.

Selina alinikumbatia akalia mpaka mtoto naye akalia. Anajiona yeye ndiye aliyeniua nusu. Nilimwambia basi mama ameniua nusu nyingine na mimi nimejiua iliyobaki, jumla yake inazidi mtu mmoja. Hakucheka. Jioni mama alimwita uani. Kamba imefungwa pale kutoka ukutani hadi kwenye mti ambao chini yake huchomwa nyama, na vitambaa vyote vimeanikwa, vya asubuhi na vya jioni, pamoja. Wakasimama mbele yake, mama na binti, na mama akaanza kumweleza, kwa Kinyaturu cha mambo ya uzazi, akielekeza kwa kidole kama mimi nikiwa ubaoni. Sikuelewa kila neno. Selina alikuwa ameinamisha kichwa mwanzoni, baadaye akakiinua akauliza swali.

Nampenda mama huyu. Naliandika tu liwepo.

Alhamisi, Machi 8

Manase amefika kutoka Itigi na matope mpaka magotini. Amemshika mtoto kama anayeshika kioo cha taa. Ameambiwa yote, akatoka nje, akakaa muda mrefu peke yake karibu na ule ukuta wenye shimo lisilomalizwa.

Jumapili, Machi 11

Manase amerudi kazini. Usingizi wangu sasa ni usingizi wa kawaida, wenye mbavu kuuma na mtoto kuamka. Ndoto ni chache na fupi. Wakati mwingine nazikumbuka zile za Februari, zile za maji ya darasani, na moyo unazitamani, halafu ninaogopa.

Jumanne, Machi 13

Ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe ameanguka.

Ndiye anayetoa maziwa mengi kuliko wote, na ana mimba. Asubuhi wakati wa kutoka aliteleza langoni, mguu wa nyuma ukavunjika juu ya goti. Nilikuwa nimelala, nikasikia mlio ambao sikujua ng'ombe anaweza kuutoa. Mchana kutwa watu wameingia na kutoka zizini. Ukuta huu wa kichwani ulikuwa ukinibembeleza, leo umenileta kwenye baraza la watu wanaonihukumu.

"Ameanguka wapi?" mmoja anauliza.

"Hapo hapo langoni."

"Palipopita damu."

"Hapo hapo."

Sauti za kike pia, zile zilizoniletea kuku wa uzazi. Hawasemi kwa ubaya. Wanasema kama mtu anavyosema mvua itanyesha. Na mimi niliyefundishwa Kinampanda kwamba ng'ombe huteleza kwa sababu ya matope, nimekaa hapa na mtoto mapajani, nimeshika tumbo langu, najiuliza kama ni kweli. Kama ni kweli, nitakuwa mtu wa kuambiwa hivyo kila ndama akifa, kila kisima kikikauka, maisha yangu yote katika nyumba hii. Mtoto naye atakuwa mwana wa mwanamke yule. Nimetamani kurudi kwetu. Nimefungasha kikapu, nikakifungua, nikakifungasha tena.

Mama hajaja kunitazama tangu asubuhi, na Selina anasema hajui aliko.

Jumatano, Machi 14

Ng'ombe amechinjwa leo, mguu ule haukuwa wa kupona. Wazee wa ukoo walikuja, wakaketi karibu na moto zizini, nami nikawa kitandani, sikio ukutani. Mkubwa wao ni Mzee Mughwai, kaka yake baba mkwe, mtu wa sauti nzito na miiko yote kichwani.

"Alute," akasema, "lazima pafanyike jambo. Lango lako limeharibika."

"Limeharibika kwa mvua," baba mkwe akajibu. "Na tangu mwaka juzi nasema nitaweka mawe pale, siweki. Mimi mwenyewe niliwaambia vijana waliombeba, pana utelezi. Wao walisikia. Ng'ombe hakusikia."

Mzee Mughwai akasema hayo ni maneno ya utani na ng'ombe hafi kwa utani. Akasema mwanamke arudishwe kwao kwa muda, mpaka zizi litulie. Niliposikia hivyo nilimkumbatia mtoto, nikasubiri mzee yule aliyesema "Vema" aseme neno lake.

Nilisikia kisu kikipita kwenye nyama. Nikasikia kitu kikitupwa juu ya makaa, kikalia.

"Selina," baba mkwe akaita. "Likiiva, hili ini mpelekee Raheli."

Alitamka jina langu. Huwa anasema mama mtoto, au wale wa ndani.

"Ini?" Mzee Mughwai akauliza. "Ini la wazee?"

"Ng'ombe ni wangu. Mnasema yeye ndiye aliyemwangusha. Basi amle. Mke wangu alikwenda jana kwa miguu mpaka zahanati kuuliza kama kuna dawa badala ya ini, akarudi mikono mitupu, na hakuniomba. Miaka yote hiyo, na hakuniomba." Nikasikia akichokoa makaa. "Aguse mtu mwingine ini hili, aone."

Waliendelea kuzungumza, lakini sikuwasikiliza tena. Nilikuwa nalia, na kulia kwangu kulikuwa na sauti, na nadhani ukuta ule unapitisha pande zote mbili.

Ini hakulileta Selina. Alilileta mama, kwenye sahani ya bati, limekatwa vipande, limetiwa chumvi. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa mwendo wa jana. Akakaa kitandani, akamchukua mtoto.

"Kula likiwa moto."

"Tule pamoja, mama. Hujawahi kuonja."

Alitazama mlango, akatazama sahani. Kisha akachukua kipande kimoja kidogo, akakitafuna polepole, akifikiri.

"Kumbe ni hivi tu," akasema, akanisogezea sahani.